Modemu ya kubadilisha: uliza laini kwanza, duka baadaye

Modemu ya nyumbani inapokufa, mwenye nyumba wa Ilala hufanya kile alichozoea kufanya kwa pasi au feni. Hukibeba kifaa kibovu kwenye mfuko wa plastiki, hushuka Kariakoo, hutafuta kinachofanana nacho na kuanza kupatana bei. Kwa pasi utaratibu huo hauna kasoro: pasi yoyote ya volti 230 itakayowaka Buguruni itawaka pia Upanga. Modemu sivyo. Kifaa hiki hakifanyi kazi kwa ridhaa ya mnunuzi na muuzaji peke yao, bali kwa ridhaa ya mtu wa tatu, yaani kampuni iliyo upande wa pili wa laini. Mtu huyo wa tatu hayupo dukani wakati bei inapatanwa.

Hoja ya makala haya ni nyepesi. Wanunuzi wengi huchagua modemu kwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi, wakati kinachoamua kama fedha yao imekwenda mahali pazuri ni aina ya laini na masharti ya mwenye laini. Kwa kuwa taarifa hiyo iko mikononi mwa kampuni za mawasiliano, na wala haibandikwi ukutani, hasara inawaangukia watu wawili: mlaji aliyenunua kifaa kisichokubalika, na mwenye duka aliyejaza rafu mzigo ambao haujui utaingia kwenye laini ya nani.

Suala lenyewe si la anasa. Mfanyabiashara wa leo wa Kariakoo hupokea picha za mzigo kutoka Guangzhou usiku akiwa nyumbani, huwasilisha ritani zake za kodi kwa mtandao, na mteja wake wa Mbeya au Lubumbashi huagiza kwa WhatsApp. Siku tatu bila intaneti ni siku tatu za oda zinazohamia kwa jirani. Ni haraka hiyo ndiyo inayomfanya mtu anunue bila kuuliza.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba neno "modemu" katika midomo ya wateja wetu linabeba vifaa vinne visivyobadilishana, ingawa kwa sura vyote ni maboksi ya plastiki yenye taa na pengine antena.

Cha kwanza ni modemu ya waya wa shaba wa simu, ile ya ADSL, ambayo wateja wa TTCL wa katikati ya jiji waliizoea kabla ya faiba kufika. Cha pili ni modemu ya kebo yenyewe, inayochomekwa kwenye waya wa koaksio, ule mnene wa duara unaofanana na wa antena ya televisheni. Katika Afrika Mashariki mfano unaofahamika ni wa Nairobi, ambako Zuku ilijenga mtandao wa mchanganyiko: faiba mpaka mtaani, kisha koaksio mpaka sebuleni. Cha tatu ni kifaa cha faiba, ambacho hugeuza mwanga kuwa umeme. Cha nne ni ruta ya laini ya simu, ya 4G au 5G, ambayo haihitaji waya wowote isipokuwa wa umeme.

Modemu ya kebo inafaa kutazamwa kwanza kwa sababu inaonyesha wazi kanuni inayotawala vyote vinne. Vifaa vya aina hii hufuata kiwango kinachoitwa DOCSIS, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Toleo la 3.0 lilitoka mwaka 2006 na la 3.1 mwaka 2013. Modemu ya toleo la zamani kwa kawaida huweza kuzungumza na mtandao mpya, ila kwa kasi yake ya zamani. Hata hivyo, toleo sahihi halitoshi. Kila modemu ina namba yake ya utambulisho iliyobandikwa chini, na kampuni huiandika namba hiyo katika mitambo yake pamoja na jina la mteja na kifurushi chake. Namba isipoandikwa, taa zitawaka zote vizuri na intaneti haitatoka. Mbaya zaidi ni modemu ya mtumba ambayo namba yake bado imeandikwa kwa jina la mteja mwingine, pengine mwenye deni. Hiyo ni mali ambayo muuzaji amekuuzia bila kuwa na uwezo wa kukukabidhi.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam, somo la pili la modemu ya kebo ni rahisi zaidi. Ndugu aliyeko Marekani au Uingereza akikuletea modemu nzuri ya kebo kama zawadi, mpokee kwa shukrani, lakini usitarajie kitu. Kama nyumbani kwako hakuna kampuni iliyoleta huduma ya intaneti kwa waya wa koaksio, kifaa hicho hakina mahali pa kuchomekwa. Waya wa antena unaotoka darini hauna intaneti ndani yake.

Wakazi wengi wa Kisutu, Upanga na maghorofa mapya ya Kariakoo wanaotumia laini ya waya wako kwenye faiba. Hapa kanuni ni ileile, ila ni kali zaidi. Mfumo ulioenea wa faiba za majumbani unaitwa GPON, ambao viwango vyake vilianza kutolewa na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, mwaka 2003. Katika mfumo huo unyuzi mmoja wa faiba kutoka kwenye kituo hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Kwa kuwa nyumba zote zinatumia unyuzi mmoja, mtambo wa kituoni hukipa kila kifaa zamu yake ya kurusha mwanga. Kifaa kibovu au kisichotii zamu kinaweza kuvuruga mawasiliano ya jengo zima. Ndiyo maana kampuni hukataa kifaa ambacho namba yake haikusajiliwa, na kwa hilo zina haki. Kifaa cha faiba cha mtumba, hata kikiwa cha chapa ileile na rangi ileile kama cha kwako, ni plastiki tupu mpaka kampuni ikubali kuandika namba yake.

Upo pia mtego mdogo wa vichwa vya waya. Kichwa cha kijani cha faiba kimekatwa kwa mshazari, na cha buluu kimekatwa wima. Vyote viwili vinaingia kwenye tundu la mwenzake, lakini mwanga unapotea njiani na laini inakuwa ya kusuasua. Mnunuzi anayebadilisha kifaa aangalie rangi ya tundu kabla ya kutoa fedha.

Kwa ruta za laini ya simu, mwenye laini anajitokeza kwa njia tatu. Kwanza, ruta iliyouzwa na kampuni moja ya simu inaweza kuwa imefungwa isipokee laini ya kampuni nyingine. Pili, ruta hizi zina namba ya IMEI kama simu ya mkononi. Kariakoo haijasahau usiku wa tarehe 16 Juni 2016, ambapo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, na mzigo uliokuwa na thamani jioni ukawa takataka asubuhi. Tatu, yapo masafa. TCRA ilipiga mnada masafa ya megahezi 700 mwaka 2018, na mwaka 2022 ikapiga mnada mwingine uliojumuisha masafa ya 700, 2300, 2600 na 3500. Boksi la ruta kutoka Marekani nalo litaandikwa megahezi 700, lakini mpangilio wa Marekani wa masafa hayo si sawa na wa kwetu. Kinachotakiwa kusomwa ni namba ya bendi, siyo megahezi. Muuzaji akisema, "Bosi, hii inakubali laini zote," mjibu kwa upole kwamba unaomba kuijaribu hapohapo kwa laini yako. Muuzaji mwenye bidhaa safi hatakasirika.

Kabla ya yote hayo lakini, ipo hatua ambayo haigharimu hata shilingi, nayo ni kuhakikisha kwamba kifaa kimekufa kweli. Umeme wetu hupanda na kushuka, na kinachoungua kwanza mara nyingi ni adapta, kile kidude cha kuchomeka ukutani. Modemu nyingi za nyumbani hutumia adapta ya volti 12, na bei ya adapta ni sehemu ndogo tu ya bei ya modemu. Linganisha volti ziwe sawasawa na zile zilizoandikwa chini ya kifaa, na ampea zisiwe pungufu. Kwa wenye faiba, tazama taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa: ama unyuzi umekatika, ama umekunjwa sana nyuma ya kabati, ama kichwa kimechafuka. Modemu mpya haitatibu ugonjwa huo. Taa ya PON ikipepesa bila kutulia, mwanga unafika lakini mtambo wa kituoni haujakipokea kifaa, na hiyo ni simu ya kupigia kampuni, siyo safari ya Mtaa wa Aggrey.

Sasa tuje kwenye boksi lenyewe, maana ndilo linalouza. Ruta iliyoandikwa AC1200 haimpi mtu yeyote megabiti 1,200. Namba hiyo ni jumla ya kasi za nadharia za redio mbili, 300 kwa gigahezi 2.4 na 867 kwa gigahezi 5, na simu yako hutumia redio moja kwa wakati mmoja. Isitoshe, zipo ruta za AC1200 ambazo matundu yake ya waya ni ya megabiti 100. Mwenye kifurushi cha megabiti 200 akinunua ruta hiyo, amejenga daraja la njia moja mbele ya barabara ya njia mbili, na kila mwezi atalipia kasi asiyoiona. Kinyume chake nacho ni hasara: mwenye kifurushi cha megabiti 20 hana sababu ya kulipia ruta ya bei ya juu kwa ajili ya namba kubwa.

Hata kifaa kipya cha bei mbaya kinaweza kudanganya. Mwaka 2016 iligundulika huko Marekani kwamba modemu za kebo zilizotumia chipu ya Intel iitwayo Puma 6 zilikuwa na tatizo la kuchelewesha mawasiliano kwa vipindi vifupi, ingawa boksi zake ziliahidi kasi ya zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde. Watu walifungua kesi. Kasi ilikuwepo kweli kwenye kipimo, ila simu za video na michezo zilikatikakatika. Namba ya kwenye boksi haikusema uongo. Haikusema habari yote.

Kwa wakazi wa ghorofa la Kariakoo, ambako familia kumi na mbili zinaweza kuwa na ruta kumi na mbili katika ngazi moja, tatizo la kasi mara nyingi si modemu kabisa. Redio ya gigahezi 2.4 ina chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Majirani wote wakirundikana humo, kila mmoja anamwona mwenzake kama kelele. Ruta yenye gigahezi 5 husaidia, ingawa mawimbi yake hayapenyi kuta za zege vizuri, na hivyo inafaa ikae karibu na mahali pa kazi badala ya kufichwa nyuma ya televisheni.

Kutokana na hayo, ushauri wangu kwa mnunuzi ni kutenganisha vitu viwili ambavyo soko letu limevichanganya. Kifaa kinachogusa laini, yaani cha faiba, cha shaba au cha kebo, kiachwe kiwe cha kampuni, hata kama kampuni inatoza kodi ndogo kwa mwezi. Fedha yako itie kwenye ruta ya Wi-Fi inayokaa nyuma ya kifaa hicho, ukiomba kampuni ikigeuze chake kiwe daraja tu, au ukizima Wi-Fi yake. Ruta hiyo haihitaji kusajiliwa na mtu, na ukihama Ilala kwenda Kinondoni, au ukibadili kampuni, inahama nawe.

Hesabu yake tuifanye kwa mfano tu, si kwa bei ya kampuni yoyote. Tuseme kodi ya kifaa cha kampuni ni Sh 5,000 kwa mwezi, na cha kununua mwenyewe ni Sh 150,000. Itakuchukua miezi 30 kurudisha fedha yako. Ukihama au ukibadili kampuni mwezi wa 18, umeokoa kodi ya Sh 90,000 na umebaki na kifaa cha Sh 150,000 ambacho kampuni mpya inaweza kukikataa. Hasara ni Sh 60,000, na hapo hatujahesabu kwamba kifaa cha kampuni kikiungua, ni wajibu wa kampuni kukibadilisha iwapo mkataba unasema hivyo. Usome mkataba. Lakini kodi ikiwa Sh 15,000, hesabu inageuka: fedha inarudi kwa miezi 10, na hapo inafaa kununua, mradi kampuni ikubali kwa maandishi kwamba itakisajili.

Kwa mwenye duka nako kuna hesabu. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof, ambaye mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel, alieleza kinachotokea katika soko la magari yaliyotumika pale muuzaji anapojua ubora na mnunuzi hajui. Mnunuzi, akihofia kuuziwa bovu, hutoa bei ya chini kwa magari yote. Mwenye gari zuri haridhiki na bei hiyo, anajitoa. Sokoni yanabaki mabovu. Soko la modemu za mtumba liko kwenye hatari hiyohiyo. Mfanyabiashara anayeleta kontena la vifaa vya faiba vilivyotolewa kwenye nyumba za watu Ulaya au China huona bei ya kununulia ni ndogo na faida ni kubwa. Faida hiyo haipo kama mzigo utalala rafuni miezi minane, au ukirudishwa na wateja wenye hasira. Chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, vifaa vya mawasiliano vinatakiwa kuwa vimeidhinishwa na TCRA. Mwenye duka anayeweka mbele vifaa vilivyoidhinishwa, risiti ya EFD na waranti ya maandishi, ana haki ya kutoza zaidi, kwa sababu anachouza ni kifaa pamoja na uhakika wake.

Hata hivyo, ni makosa kumtwika mwenye duka mzigo wote. Hawezi kuuza uhakika ambao hajapewa. Orodha ya vifaa ambavyo laini inavikubali iko kwenye kompyuta ya kampuni ya mawasiliano. Katika nchi nyingine jambo hili limekwisha kuamuliwa. Ujerumani, tangu tarehe 1 Agosti 2016, sheria inampa mteja haki ya kutumia modemu au ruta yake mwenyewe, ya kebo ikiwemo, na kampuni inalazimika kumpa taarifa za kuiunganisha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2019 inayozuia kampuni kumtoza mteja kodi ya kifaa alichojinunulia mwenyewe. Huko modemu ni bidhaa ya kawaida ya dukani, yenye ushindani wa bei na ubora.

Kampuni zitajibu kwamba kifaa cha mgeni kinaweza kuharibu laini ya majirani, na kwamba fundi hawezi kuhudumia kila chapa iliyopo duniani. Hoja zote mbili ni za kweli, lakini zinajibika. Hakuna anayedai kila kifaa kipokelewe. Kinachotakiwa ni kila kampuni itangaze orodha ya vifaa inavyovikubali, iseme hadharani inatoza nini kukisajili kifaa cha mteja, na ifute namba ya kifaa cha mteja aliyehama ili kiuzwe tena kihalali. TCRA, ambayo tayari inaidhinisha vifaa, ndiyo yenye nafasi ya kulitaka jambo hili liwe sharti. Gharama yake kwa kampuni ni karatasi chache. Faida yake ni kwamba duka la Kariakoo litaweza kubandika orodha hiyo mlangoni na kuuza kwa kujiamini.

Mpaka siku hiyo ifike, mnunuzi ajilinde kwa maswali manne, kwa mpangilio huu. Je, ni adapta au ni laini iliyokufa, na siyo modemu? Laini yangu ni ya shaba, koaksio, faiba au simu? Kampuni yangu itakisajili kifaa hiki kwa namba hii, na imesema hivyo kwa maandishi? Na matundu na redio zake vinalingana na kifurushi ninacholipia? Majibu ya maswali matatu kati ya hayo yanapatikana nyumbani na kwa simu, kabla hata ya kupanda daladala. Swali la nne ndilo pekee la kwenda nalo dukani, na kwa hilo Kariakoo inajua kushindana kwa bei.